Kituo cha Kennedy na boti ya kinamasi kwa siku moja: inawezekana, ila anzeni na maji

*"Assalaam aleikum. Tunaishi Maryland, na Julai hii mama yangu anakuja kutoka Unguja. Ana miaka 70, anameza dawa za presha na magoti yanamsumbua. Tutakaa wiki moja Orlando na watoto wawili, wa miaka 9 na 3. Nimeona safari ya siku moja inauzwa: asubuhi makumbusho ya anga ya Kennedy, alasiri boti ya pangaboi 'ndani ya Everglades' kuangalia mamba. Mume wangu anasema tutachoka bure na hatutaona kitu sawasawa. Mama anaogopa mamba, na mimi naogopa kelele za boti kwa mdogo. Siku moja inatosha kweli? Tununue safari hiyo au tukodi gari? Na roketi ikiruka siku hiyohiyo, tutaiona?"*

Wa aleikum salaam, dada. Mama akifika mfikishie shikamoo yangu.

Wasiwasi wako naona uko wa aina tatu: kama saa zinatosha, kama mama na mdogo watastahimili, na kama unachouziwa ndicho kilichoandikwa kwenye tangazo. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine.

Hamtafika Everglades. Hifadhi ya Taifa ya Everglades, iliyozinduliwa 1947, iko kusini kabisa mwa Florida, upande wa Miami. Kutoka Orlando ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne kwa gari. Kennedy iko mashariki mwa Orlando, saa moja hivi. Hakuna dereva wa kuziunganisha hizo mbili kwa siku moja akakurudisheni hotelini na akili zenu timamu. Wauzaji wanalipenda jina hilo kwa sababu mgeni analijua. Wengine wana sehemu ya ukweli: maziwa ya Kissimmee, kusini mwa Orlando, maji yake huteremka hadi ziwa Okeechobee, na huko ndiko Everglades zilikokuwa zikipata maji yake tangu zamani. Lakini boti nyingi za njia ya Kennedy ziko kwenye mto St. Johns, ambao hauelekei Everglades hata kidogo. Unakwenda kaskazini kama kilomita 500, na tangu chanzo hadi mdomo unashuka chini ya mita 10 tu. Maji yasiyo na mteremko hayana haraka, ndiyo maana mto huo umetawanyika ukawa maziwa na uwanda wa nyasi zilizosimama majini.

Hilo lisikuvunje moyo. Kwa safari yenu mimi ningechagua St. Johns hata mngekuwa na gari lenu, kwa sababu barabara za kutoka Orlando kwenda pwani, namba 520 na namba 50, zinauvuka mto huo njiani, na gati za boti ziko hapohapo kando ya daraja. Mkipelekwa Kissimmee kwanza, mnakwenda kusini ndipo mgeuke mashariki, na mtalipa kwa saa za makumbusho. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: boti inaondokea wapi hasa? Akikujibu "Everglades" tu bila kutaja mto, ziwa wala barabara, tafuta mwingine.

Sasa ratiba. Hapo ndipo siwaungi mkono kabisa waliokupangia makumbusho asubuhi na boti alasiri. Kwa Desemba ningenyamaza. Kwa Julai, wameipindua siku.

Florida ni rasi nyembamba yenye bahari pande mbili. Tangu asubuhi jua linaichoma nchi kavu, hewa iliyo juu yake inapata moto na kupanda. Upepo wa bahari unaingia kujaza nafasi, kutoka Atlantiki upande mmoja na Ghuba ya Meksiko upande wa pili, umebeba unyevu. Pepo hizo mbili zikikutana katikati ya rasi, hewa haina pa kwenda ila juu. Mawingu yanarundikana mpaka yanakuwa meusi, na kuanzia kama saa nane mchana inashuka mvua ya radi, siku nyingi za kiangazi. (Saa ninazotaja zote ni za Kiswahili, saa tatu asubuhi ndiyo 9:00 ya kwenye tiketi.) Nahodha mwenye akili hatoki na watu kwenye uwanda wa maji ambao kitu kirefu kuliko vyote ni boti yake. Mtakaa kibandani mkisubiri, au mtarudishiwa hela na siku imekwisha.

Watu wa roketi wenyewe wanaliheshimu anga hilo. Apollo 12 iliporuka kutoka hapo tarehe 14 Novemba 1969, mvua ikinyesha, ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza. Iliokoka na kufika mwezini, lakini masharti ya mawingu na radi yakakazwa, na mpaka leo safari nyingi huahirishwa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo anzeni na maji. Tokeni Orlando kabla ya saa mbili, mpande boti ya saa tatu, na mwe mmeshafika lango la Kennedy kabla ya saa tano na nusu. Saa ya radi ikifika mtakuwa chini ya paa. Asubuhi pia hakuna joto la kumchosha mama.

Boti yenyewe ni kitu cha ajabu kidogo, na nadhani mama akielezwa mapema hofu itapungua. Ni boti pana, bapa chini, haina kitu kinachozunguka ndani ya maji. Nyuma, ndani ya kizimba cha chuma, kuna injini ya gari au ya ndege inayozungusha pangaboi kubwa. Hilo linasukuma hewa nyuma na boti inakwenda mbele. Ndiyo maana inapita juu ya nyasi na maji ya kina cha kifundo cha mguu, mahali ambapo mashine ya kawaida ingenasa mara moja. Usukani ni mabapa yaliyosimama nyuma ya pangaboi. Yanafanya kazi pale tu hewa inapoyapiga kwa nguvu. Maana yake ni kwamba nahodha akitaka kukata kona lazima aongeze moto. Akipunguza, boti inateleza ilikokuwa ikielekea. Na haina breki. Kwa hiyo mama asishtuke injini ikinguruma ghafla kwenye kona. Hajapoteza udhibiti huyo, ndivyo anavyoushika. Mkitaka utulivu, mwambieni kabla hamjapanda kwamba mna mzee na mtoto, msizungushwe kwa mbwembwe. Florida tangu 2019 inamtaka nahodha wa boti ya kulipia awe amemaliza mafunzo ya kuendesha boti za aina hii na ya huduma ya kwanza, na awe na vyeti vyake. Si ufidhuli kumuuliza.

Kuhusu masikio ya mdogo, hofu yako ni ya haki, na hapa sitakupoza. Karibu na injini hizo kelele huvuka desibeli 100. Kwa kipimo kinachopendekezwa kulinda wafanyakazi Marekani, kelele ya desibeli 85 mtu anaweza kukaa nayo saa nane. Kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 ni robo saa tu. Safari yenu ni nusu saa hadi saa nzima. Pamba haisaidii kitu. Vikinga-masikio vya kuvaa kichwani hugawiwa botini, ila vingi ni vya watu wazima, na kwa kichwa cha mtoto wa miaka mitatu vinaacha mwanya. Nunua vya saizi yake kabla ya safari, avizoee nyumbani akiangalia katuni. Siku ikifika akavitupa na kulia, mmoja wenu abaki naye gatini. Kama amewahi kuwekewa vimirija masikioni au anaumwa sikio wakati huo, muulizeni kwanza daktari wake wa watoto. Pia pigeni simu kuuliza umri wa chini, maana kila kampuni ina wake.

Mama na mamba. Anayemjua mama ni mamba wa Afrika, yule wa mitoni Bara, mnyama ambaye kumwogopa ni busara. Wa Florida ni jamaa yake wa mbali, aligeta: pua pana iliyopinda kama mviringo, rangi nyeusi-nyeusi, na akifumba mdomo meno ya chini hayaonekani. Wako zaidi ya milioni moja Florida, katika kila kaunti ya jimbo. Wanaweza kuua, na wapo waliowaua, lakini kwa kawaida hawamhesabu mtu mzima kuwa chakula, na boti ikikaribia wengi huzama wakaondoka zao. Hatari huja pale mtu anapowalisha, kwa sababu hapo wanaanza kuhusisha binadamu na riziki. Kuwalisha ni kosa kisheria Florida. Nahodha akitoa kitu mfukoni akawarushia ili wasogee kwa ajili ya picha, huyo anavunja sheria na anamwachia mwingine balaa. Mikono ndani ya boti, basi.

Ila usiwaahidi watoto mamba kumi. Mnyama huyu damu yake hufuata joto la nje: siku za baridi huanika mwili juani mtu akamwona kutoka mbali, lakini Julai anajificha majini na kivulini, macho na pua tu vikichungulia. Tena kiangazi ni majira ya mvua. Maji yakijaa, nao wanatawanyika kwenye nyasi. Mtu anayewataka kwa wingi aje miezi ya ukavu, kuelekea Machi na Aprili, wanapobanana kwenye maji yaliyobaki. Ninyi mtegemee wachache, pamoja na korongo, yangeyange na tai wa samaki. Na kama mama atakataa boti kabisa, asilazimishwe. Ardhi ya NASA, shirika la anga la Marekani, pale ni hifadhi ya wanyamapori pia, Merritt Island, tangu 1963, na basi la matembezi ndani ya Kennedy hupita kando ya mifereji yenye mamba haohao. Atawaona akiwa ameketi kwenye kiyoyozi, kioo kikiwa katikati.

Hapo ndipo tufike kwenye makumbusho yenyewe, na ndipo mume wako ana hoja. Watu wengi wanafikiri ni jengo moja la kuzungukwa kwa saa mbili. La. Ni mji mdogo, na sehemu yake bora mnafikishwa kwa basi. Chini ya saa tano msiende. Safari nyingi zinazouzwa kwa pamoja hubaki na saa nne, kwa sababu asubuhi yote imekwisha kuokota abiria hoteli hadi hoteli.

Mkiingia langoni mtakutana na bustani ya roketi zilizosimama, na watoto watataka kusimama hapo. Piteni. Nendeni moja kwa moja kwenye basi, maana la mwisho huondoka mapema kuliko watu wanavyodhani, saa kadhaa kabla ya kufungwa. Njiani mtaona jengo la kuunganishia roketi, refu mita 160, na kwa mbali vituo vya kurushia 39A na 39B. Apollo 11 iliondoka 39A tarehe 16 Julai 1969. Artemis I, safari ya majaribio ya kurudi mwezini, iliondoka 39B Novemba 2022. Hamshuki hapo, mnatazama tu. Mnashushwa kwenye ukumbi wa Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, imelazwa ubavu juu ya vichwa vyenu, mita 110 kutoka ncha hadi injini. Ziko tatu tu duniani zilizobaki. Picha haziwezi kukuandaa kwa ukubwa ule. Mama apate benchi hapo akae. Mwanao wa miaka tisa mwache aitembee yote. Kwenye ukumbi huohuo kuna chombo cha Apollo 14 chenyewe kilichorudi kutoka mwezini.

Mkirudi kuleni, kisha nendeni kwa Atlantis, chombo cha anga chenye mabawa kilichokuwa kikienda na kurudi. Chombo hiki kiliruka mara 33 na kikatua mara ya mwisho Julai 2011, na safari za aina yake zikaishia hapo. Kimeninginizwa kimeinama nyuzi 43.21, yaani nne, tatu, mbili, moja, mzaha wa wahandisi huo, na milango ya mgongoni imefunguliwa kama kilivyokuwa huko juu. Wasichoambiwa wageni ni kwamba chini ya Atlantis kuna chumba cha kumbukumbu ya wanaanga 14 waliokufa kwenye Challenger na Columbia, vyombo viwili vya aina hiyo vilivyoangamia, pamoja na vitu vyao na mabaki ya vyombo hivyo. Kimefanywa kwa heshima, lakini mtoto wa miaka tisa atauliza maswali. Amueni kabla kama mnaingia naye. Mashine ya kuiga mruko iliyo hapo inataka urefu wa inchi 44, kama sentimita 112, kwa hiyo mdogo hapandi, na mama asipande.

Mama asidhani pia kwamba haya ni mambo ya watu wengine. Vyombo vya Mercury, vya kwanza vya Wamarekani kubeba watu, vilipozunguka dunia, NASA ilihitaji vituo vya kuvifuatilia njiani, na kimoja kilikuwa Tunguu, Unguja, mpaka kilipofungwa 1964. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alipoizunguka mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alivuka Afrika kutoka mawasiliano ya kituo cha Kano, Nigeria, hadi cha Zanzibar. Mama yako alikuwa mtoto kisiwani. Mwambieni hayo mbele ya roketi ya Mercury-Atlas pale bustanini, kama ile iliyombeba Glenn, kisha msikilize atakachokumbuka.

Mwanao naye akiuliza kwa nini wamejenga kitu cha gharama hivyo kwenye kinamasi chenye mbu, jibu ni la jiografia. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo ardhi inavyokwenda kasi: kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta yenyewe, kama 1,470 hapo Cape Canaveral, rasi ya jirani na Kennedy. Roketi ikirushwa mashariki inaichukua kasi hiyo bure, na ikiharibika inaangukia baharini. Kwa hiyo walitaka pwani ya mashariki, kusini kadiri inavyowezekana, isiyo na watu wengi. Waitaliano walifikiri hivyohivyo walipoweka jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi. Hapo ndipo ilirushwa setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya.

Tununue au tukodi? Kwa familia yenu, kodini gari. Mnaondoka mnapotaka, mama anapumzika akichoka, mdogo analala kwenye kiti chake. Barabara ya 528 ina ushuru, na kuegesha Kennedy kunalipiwa, lakini kwa watu watano hesabu kwa kawaida bado inakupendeleeni. Safari ya pamoja inamfaa mtu asiyeendesha, au watu wawili wasio na watoto. Kama ni lazima muinunue, itakeni yenye boti kwanza, na muulize mtakuwa ndani ya lango la Kennedy kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Kama mna wiki nzima na bajeti inaruhusu, njia ya tatu ni kugawa: boti asubuhi moja, Kennedy siku nyingine tangu mlango unafunguliwa. Mama akifika amechoka na safari ya ndege, ningefanya hivyo bila kusita.

Chakula, neno moja: vibanda vya gatini hupenda kuuza mkia wa mamba wa kukaanga. Hukumu yake muulizeni sheikh wenu. Mimi ningebeba maandazi.

Afya ya mama sitaki muiamue kwa maneno yangu. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na kwenye joto la nyuzi 33 lenye unyevu mtu anakaukiwa haraka. Wazee wengine huamua wenyewe kuacha kidonge siku ya safari ili wasisumbuke na choo, asifanye hivyo. Aonane na daktari wake kabla hajaondoka Unguja, amweleze joto na boti yenye mitikisiko. Kama ana tatizo la mgongo, mifupa dhaifu, moyo, au amefanyiwa upasuaji karibuni, jibu la daktari ndilo la mwisho. Mkatieni bima ya afya ya safari, kwani hospitali za Marekani zinaweza kufilisi. Kwenye makumbusho mchukulieni kiti cha magurudumu hata kama anasema anaweza kutembea. Umbali ule unachosha magoti ya vijana. Gatini, ulizeni kabla namna ya kushuka botini, sehemu nyingi ni ngazi au kuruka hatua. Akichanganyikiwa kwa maneno, akazimia, au akalalamika kifua, pigeni 911 hapohapo, msingoje kufika hotelini.

Na roketi? Siku hizi zinaruka kutoka pwani hiyo mara nyingi, wiki nyingine zaidi ya mara moja, kwa hiyo bahati ipo. Msipange siku kwa ajili yake, kwani saa inaweza kusogezwa hata dakika za mwisho. Angalieni ratiba jioni ya kuamkia safari. Ikiwa inaruka mchana mkiwa ndani, wafanyakazi watawaonyesha pa kusimama. Ikiwa ni jioni, ng'ambo ya maji huko Titusville kuna bustani za wazi za kutazamia. Moto mtauona kwanza. Ngurumo itawafikia kama dakika nzima baadaye, basi wavisheni watoto vile vikinga-masikio tena. Baada ya hapo barabara zote za kurudi Orlando hujaa magari. Jazeni mafuta mapema, na mtoto apelekwe chooni kabla hamjawasha gari.